Mistari Niliyoiziba kwa Woga

Kuna siku moja ninayoikumbuka kwa hasira, mwanangu, na sijawahi kuomba hasira hiyo inipungue. Ilikuwa kiangazi, katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, vidole vyeusi kwa wino na kichwa kimejaa sifa. Siku hiyo mama mmoja wa Kimaasai ambaye hakuwahi kukanyaga darasa alisimama mbele ya picha yangu akaniuliza swali moja tu. Nikakosa pa kuweka uso.

Lakini ngoja nianze mwanzo, maana nyinyi watoto wa siku hizi mnataka mwisho wa habari kabla chai haijachemka.

Baba yangu alitoka Machakos kuja kufanya kazi ya saruji Athi River, na alipojaliwa akanunua kipande cha ardhi Kitengela. Kitengela ya wakati huo ilikuwa barabara ya Namanga, maduka machache ya mabati, soko la mifugo na upepo. Ulitoka nje asubuhi ukakuta nyumbu wamelala karibu na choo chako. Kisha vigingi vikaanza kuota. Leo vitatu hapa, kesho kumi kule, halafu waya unatandazwa, na nyumbu wakifika pale wanasimama wasijue waelekee wapi. Wenyeji nao walikuwa vivyo hivyo, ila wao hawakupigwa picha na watalii wakiwa wamesimama hivyo.

Mimi nilikuwa nafundisha kuchora kwenye shule ndogo ya watu binafsi. Jioni nilikwenda kujifunza kwa Mzee Njoroge. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka mingi, akitengeneza mabamba ya zinki ya kuchapia picha za magazeti. Alipostaafu alinunua robo ekari karibu na kwetu, akaja na mabaki ya zinki, galoni mbili za asidi, na mashine ya kuchapa aliyochomelewa na fundi wa jua kali: magurudumu mawili ya chuma na mkono mrefu wa kuzungushia. Majirani walidhani ni ya kusagia nyama. Walimletea nyama kweli, akawafukuza.

Wewe unayeijua kazi hii nivumilie, naeleza kwa ajili ya mwenzako asiyeijua. Unachukua bamba, unalipaka nta iliyochanganywa na lami, unaliacha likauke. Kisha unachora kwa sindano. Sindano haikati zinki, inakwaruza nta tu. Kazi ya kukata ni ya asidi. Unalitumbukiza bamba ndani, na popote nta ilipokwaruzwa asidi inaanza kula. Vipovu vinajitokeza juu ya mistari, nawe unavifagia polepole kwa unyoya wa kanga ili chuma kiliwe sawasawa. Sasa sikiliza hapa. Mistari yote inaanza kuliwa pamoja. Baada ya dakika chache unalitoa bamba, unalisuuza, na mistari unayotaka ibaki hafifu unaiziba kwa vanishi. Unarudisha bamba. Iliyozibwa imeokoka, ambayo haikuzibwa inaendelea kuliwa. Ukitaka kuchapa, unapaka wino na kufuta juu kwa kipande cha chandarua kuukuu, wino unabaki ndani ya mifereji. Mfereji wa kina unabeba wino mwingi, na kwenye karatasi unatoka mweusi kabisa.

Kwa hiyo mchapaji ndiye anayeamua nani atoke mweusi wa kuonekana toka mlangoni, na nani atoke kama moshi. Anaamua kwa brashi ndogo ya vanishi, akiwa ameketi peke yake.

Jirani yetu upande wa mto alikuwa Mama Naserian, mjane mwenye mabinti watatu na ng'ombe wasiozidi ishirini. Shamba lilikuwa bado kwa jina la marehemu mumewe. Shemeji yake alikuwa ameshakula njama na dalali mmoja tuliyemwita Kofia. Jina lake halisi silitaji. Simwogopi, ila wajukuu zake hawajanikosea. Alivaa kofia ya kijivu yenye ukingo mpana, ameilaza upande wa kulia, jua au mvua, kanisani au matangani. Kazi yake ilikuwa kuuza ardhi ya watu kwa watu, na ili auze alihitaji kidole gumba cha mke au mjane kwenye karatasi ya kukubali.

Wanawake wale hawakujua kusoma, na Kofia alilijua hilo vizuri. Aliweka meza karibu na josho, akawaambia karatasi zile ni za kuandikisha ng'ombe wapate chanjo. Wakapanga foleni. Mama Naserian naye akaweka kidole. Baada ya wiki mbili watu wa kupima wakaja kupigilia kigingi katikati ya boma lake, baina ya nyumba na zizi la ndama, ndipo akaelewa ndama wake walichanjwa nini.

Alikuja kwa miguu hadi kwa Mzee Njoroge, akanikuta kazini. "Takwenya," Mzee Njoroge akamsalimu. "Iko," akaitika, lakini hakuketi.

"Nimeambiwa huyu msichana anachora vitu kwa chuma, halafu inatoka mingi," alisema. "Sasa mimi nataka hii mambo ya kidole ichorwe. Kuna kikao Kajiado, mwezi ukiisha. Huko ndiyo wanapitisha shamba iuzwe. Wamama wengine bado wanangoja chanjo. Nikiwaambia kwa mdomo wanasema mimi niko na wivu. Wacha waone na macho."

Nilikubali palepale. Moyo wangu uliwaka, nisikufiche. Nilijiona shujaa kabla hata sijashika sindano.

Nikachora meza na foleni ya wanawake. Nikachora kidole cha mama wa mbele kikigandamiza karatasi, na karatasi yenyewe ikateremka mezani, ikarefuka, ikawa ardhi yenye vigingi na waya, ikapita katikati ya boma. Nyuma ya meza nikamweka Kofia, ameshika kibweta cha wino. Nilivyochora, picha ilikuwa kweli tupu. Mzee Njoroge aliitazama akaguna tu, na kwake mguno ulikuwa pongezi.

Kisha ikaja saa ya asidi, na hapo ndipo nilipojulikana.

Lazima ujue mambo mawili. Kwanza, Kofia alikuwa kwenye kamati ya shule niliyofundisha. Pili, hati ya shamba la baba yangu ilikuwa bado haijatoka, na aliyeahidi kuisukuma ofisini alikuwa yeye huyo huyo. Baba alikuwa akimpisha kiti. Basi nilipolitoa bamba mara ya kwanza, bado vipovu vinatoka, nikachukua brashi nikaziba uso wa Kofia. Nikaziba mikono yake. Nikaziba kibweta, na vile vigingi vya mbali. Nikajiambia ni mambo ya ufundi, kwamba vitu vya nyuma vinapaswa kuwa hafifu. Na mwanangu, kuna ujanja mwingine niliofanya ambao hata sasa unaniumiza. Picha ya bamba hutoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Mchapaji yeyote analijua hilo siku ya kwanza, anachora kinyume. Mimi kofia ile niliichora imelala kulia makusudi, ili kwenye karatasi itoke imelala kushoto. Akija kulalamika, nimwambie, si wewe huyo, wewe huilaza kulia.

Wale wanawake lakini sikuwaziba. Niliwarudisha kwenye asidi mara nne. Mikunjo ya nyuso, mishipa ya mikono, midomo iliyokauka, yote ililiwa ikaingia ndani. Kuna mama mmoja wa duka la picha Nairobi aliyekuwa amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akaniambia hakuna anayechora mikunjo ya kina mama kama mimi. Nilimwamini kama mjinga.

Mama Naserian akaja kuona karatasi ya kwanza. Bado ilikuwa na unyevu. Aliishika pembeni, kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Nami nikangoja sifa.

"Hapa naona wamama wanaweka kidole," alisema mwishowe. "Nawaona vizuri. Huyu ni mimi, hata hii jino iliyong'oka naiona. Sasa mimi nauliza. Hakuna mtu amewaita? Wamejileta wenyewe?"

Nikamwonyesha kwa kidole. "Huyu hapa nyuma, mama. Ndiye amewaita."

Akaisogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali. "Huyu? Mimi nilifikiri ni vumbi." Akanirudishia. "Msichana, umefanya ile kitu yeye hufanya. Amesema kwa kila mtu, hawa wamama ni wajinga, walijileta. Na wewe umesema hivyo."

Akaenda zake. Nilimtazama akivuka barabara na shuka lake, nikatamani ardhi inimeze, na yenyewe ndiyo ilikuwa inauzwa.

Nilimgeukia Mzee Njoroge nikamlaumu. Nilimwambia, ulikuwa umekaa hapo, uliniona nikiziba, mbona hukunikataza? Alikuwa anasafisha unyoya wake wa kanga. Hakuinua macho.

"Mueni," akasema, "mimi nimetengeneza mabamba ya gazeti miaka ishirini. Sura ya mkubwa ilikuwa lazima itoke safi, hata nywele uhesabu. Wale watu wa nyuma, wale wa kupiga makofi, hata watoke kama matope, hakuna mtu atakuita ofisini. Hakuna siku niliambiwa nifanye hivyo. Mkono ulijua wenyewe. Wewe sasa umegeuza tu, umemficha mkubwa kwa moshi, lakini ni ule ule woga. Nilitaka nione kama utajiona. Hukujiona. Imebidi uonyeshwe."

Nikaanza kujitetea kwa habari ya hati ya baba. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Ogopa. Ni sawa kuogopa. Mimi pia naogopa huyo mtu. Lakini hiyo woga yako, usiweke kwa uso wa yule mama." Kisha akaliinua bamba, akalikagua, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Na nyumba yangu iko wapi?"

"Nyumba yako?"

"Hii robo ekari nilinunua kwa nani? Ilikuwa malisho ya nani? Na ya baba yako? Umechora vigingi vinaenda mpaka mwisho wa karatasi, halafu huko mwisho hakuna mtu anaishi. Si tunaishi sisi? Chora hii mabati yangu. Chora na yenu. Ukituficha sisi, Kofia atasema umemwonea, na atakuwa na haki."

Mwanangu, nimekemewa na wengi maishani. Wengine nimewasahau majina. Lakini mzee yule, ambaye robo ekari ile ndiyo mali pekee aliyoipata baada ya maisha yote ya kuvuta moshi wa asidi, kunitaka niiweke mwenyewe kwenye shtaka, jambo hilo lilinikata maini. Sikulala vizuri wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo niliyofanya kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nililisafisha bamba kwa mafuta ya taa, nikalipaka nta upya. Uso wa Kofia nikaufuata mstari kwa mstari kwa sindano, shingo, mashavu, tabasamu lile la mtu anayekufanyia hisani. Kofia yake nikaikwangua yote, nikalisugua bamba pale hadi likang'aa, nikapaka nta tena, nikaichora upya ikiwa imelala kushoto, ili itoke kulia inakostahili. Nikaweka nyumba ya Mzee Njoroge na mashine yake mlangoni, nikaweka na yetu, baba amesimama nje. Kisha nikawaziba kina mama. Wao walikuwa wameliwa vya kutosha. Bamba likaingia, nikaketi na unyoya wangu, na kila kipovu kilichopanda kwenye uso ule nilikifagia nikisema, kaa humo, kaa humo bado.

Alitoka mweusi. Hata aliyesimama ng'ambo ya barabara angemjua.

Tulichapa kwa siku tatu mfululizo, mzee akizungusha mkono wa mashine, mimi nikilowesha karatasi na kupaka wino, na Mama Naserian akizianika kwenye kamba ya nguo pamoja na binti zake. Siku ya soko la mifugo alizibeba kwenye ndoo iliyofunikwa kitenge, akazigawa kwa wanawake mmoja mmoja. Nilisimama kando nikawatazama. Kwanza waliicheka kofia. Halafu wakafuata karatasi kwa kidole, kutoka mezani, kushuka, mpaka kwenye kigingi, na kicheko kikakatika. Hakuna aliyehitaji kusomewa.

Kofia alikuja siku ya tatu baada ya soko, peke yake, mpole kabisa. Akavua kofia hata kabla ya kuingia.

"Mwalimu," aliniambia, "nasikia uko na kipaji. Mimi napenda watu wa kipaji. Hiyo chuma ya kuchapia nipatie, niweke kwa ofisi kama ukumbusho. Na ile mambo ya hati ya mzee wako, nilikuwa nayo kwa mkono hivi, karibu tumalize."

Bamba lilikuwa kwenye meza ya mashine mbele yake, limepakwa wino tayari. Nikaweka karatasi juu yake, nikavuta blanketi la mashine likaifunika, nikamwambia, "Ukitaka picha yako, baba, ngoja dakika moja, nikuchapie. Chuma haitoki."

Mzee Njoroge akazungusha mashine. Nikamkabidhi karatasi ikiwa mbichi, wino ukampaka vidole vyote. Akatoka nayo, akaikunja na kuitia mfukoni. Ijumaa hiyo hiyo shule ikaniambia nisirudi muhula ujao.

Kikaoni Kajiado walikwenda wanawake sita, wamekodi gari la kubebea mbuzi. Wangekuwa zaidi, lakini wengine waume zao waliwafungia, na wengine wawili waliogopa wakashuka Isinya. Kofia alikuwa na karatasi zake za vidole zimepangwa vizuri. Mwenyekiti alipomwita Mama Naserian na kumuuliza kupitia mkalimani kama anakubali ardhi iuzwe, alisimama.

"Kidole ni yangu," alisema kwa Kiswahili, akimruka mkalimani. "Siwezi kukana kidole. Lakini huyu mtu aliniambia ni ya chanjo. Mimi sikubali. Hata mkilala hapa, sikubali."

Akafunua picha akaiweka mezani. Mwenyekiti akaitazama, akamtazama mtu aliyeketi mstari wa mbele, akaitazama tena. Chumba kizima kilimwona Kofia akiivua kofia taratibu na kuiweka chini ya kiti. Wale watano wengine wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakasema neno lile lile, sikubali.

Mashamba sita hayakuuzwa. Nisikudanganye kwamba tulishinda vita. Siku ile ile walipitisha mengine mengi, ya wanawake ambao hawakufika, na ukienda leo utakuta magorofa juu yake. Mimi nilikaa miaka bila kazi ya kueleweka, nikipaka mabango ya maduka. Baba hakunisemesha majuma mawili, na hati yake ilitoka elfu mbili na ngapi huko, nywele zake zikiwa nyeupe zote. Alipoipata aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Ungelitoa lile bamba ningekuwa nayo zamani." Kisha akaongeza, "Lakini ningeona haya kuionyesha watu." Hayo ndiyo maneno niliyoyapata kwake, na yananitosha.

Mama Naserian aliishi kwenye boma lake hadi alipofariki. Kigingi kile alikuwa amekwisha kuking'oa mwenyewe kwa jembe, akakitia jikoni akapikia chai.

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayeshika sindano leo. Watakuambia uwachore maskini, na ukiwachora vizuri watakusifu na kukutundika ukutani. Hilo halina hatari yoyote kwao. Kabla hujaliingiza bamba kwenye asidi, tazama nyuma ya meza, uliza nani ameshika kibweta cha wino, umchore huyo hadi watu wa mtaa wake wamtambue. Kila unapoziba mstari jiulize unamwokoa nani, na ujibu kwa sauti, ujisikie. Jiweke na wewe mwenyewe kwenye picha ukiwa umo, usijifanye malaika aliyepita njia. Karatasi za kwanza wape waliochorwa, wakikuambia umewakosea, usibishane nao, rudi ukachore upya. Mwenye nguvu akija mpole kuliomba bamba, mchapie nakala yake, bamba libaki kwako. Utapoteza kazi. Labda hata nyumbani watakununia. Mimi nilipoteza, nikanuniwa, na bado niko hapa nakusumbua masikio.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, mwanangu. Na ukitetemeka, akupe ujeuri wa kuchora hivyo hivyo. Akuondolee watu wa kukusifu bure, akupe angalau mmoja wa kukuuliza swali gumu mlangoni penye mwanga. Nenda, na ufanye kazi.